Simba wa Ng'washi

Ngollo alikuwa na hadithi moja tu ya harusini, na hata hiyo haikuwa yake. Ilikuwa ya mdogo wake, Ng'washi. Miaka nenda miaka rudi, akishapewa kipaza sauti, alikohoa kidogo, akavuta suruali juu, akawaambia wageni jinsi Ng'washi, alipokuwa kitoto cha kuchunga ndama kule Nzega, alivyokutana na fisi wakati wa magharibi, akamwacha ndama wa baba aliwe, akakimbilia nyumbani akipiga mayowe kwamba ameona simba. Hapo mzee mzima alirukaruka mbele ya meza kuu akiiga sauti ya kitoto: "Simba! Baba, simba!" Watu walicheka mpaka soda zikawatoka puani. Naye alimalizia kwa maneno yale yale: "Fisi, jamani! Fisi, anayefukuzwa kwa fimbo na mtoto! Ningekuwepo mimi, hata angekuwa simba kweli, angejuta kunifahamu!"

Na Ng'washi alikuwa wapi? Alikuwa papo hapo, kwenye viti vya wazee, kitenge kipya mwilini na tabasamu la kuazima usoni. Kila akimsalimia kaka yake, "Shikamoo kaka," aliitikiwa, "Marahaba, mkimbia fisi." Sokoni Isikizya watoto walimwita Bibi Fisi, na wazazi wao walijifanya kuwakanya huku wakiuma midomo. Mwanzoni alijitetea. "Alikuwa na nywele shingoni," alisema. "Niambieni, fisi ana nywele shingoni? Mwenye nywele shingoni ni simba!" Nani amsikilize? Hadithi tamu haitaki shahidi. Basi akanyamaza, akameza, lakini kumeza si kusahau.

Mwaka huu mambo yalikuwa mengine. Aliyekuwa anaoa ni Fikiri, mjukuu wake, ambaye Ng'washi alimlea tangu mama yake alipofariki akimwacha ananyonya. Ndiye aliyembeba mgongoni shambani, ndiye aliyempeleka shule, na siku ya harusi ndiye angeketi kwenye kiti cha mama. Bibi harusi, Asnath, alitoka Urambo, kwenye ukoo wa wakulima wa tumbaku wenye heshima zao. Siku walipokwenda kujitambulisha, Ng'washi alipokelewa mlangoni na bibi yake Asnath, ajuza mmoja mwenye macho makali, ambaye alimshika mkono, akamtazama juu mpaka chini, akauliza kwa upole kabisa, "Ndiye wewe yule bibi wa fisi?"

Hapo maji yalizidi unga. Urambo! Hadithi ilikuwa imepanda basi, imefika kabla yake, imekaribishwa na kupewa kiti. Ng'washi alirudi nyumbani amekunja uso, akapita moja kwa moja hadi kwa kaka yake.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, mkimbia fisi."

"Kaka, nimekuja kukuomba. Harusi ya Fikiri, hadithi ile iache. Mbele ya wakwe, iache."

Ngollo alicheka, akamtazama mkewe Josepha aliyekuwa anapepeta mpunga. "Utani tu, mdogo wangu! Harusi bila kicheko ni msiba. Na watu wanaisubiri. Nisipoisimulia watauliza, mzee anaumwa?"

"Haya. Wewe si unasema simba angejuta kukufahamu?"

"Swali gani hilo! Unausahau ukoo wetu? Babu yake babu alibeba pembe za ndovu begani kutoka Tabora mpaka Bagamoyo. Walilala porini, simba wanauzunguka moto, yeye anakoroma. Damu hiyo ndiyo hii." Akajipiga kifua.

"Basi twende Tabora mjini, kwenye bustani ya wanyama. Nikuonyeshe simba, uzione nywele zake za shingoni. Nami nikuone na hiyo damu yako."

Ngollo alimtupia mkewe jicho. Angekataa, lakini Josepha alikuwa ameacha kupepeta na ungo ulikuwa umetulia mapajani. Mwanamume hawezi kukataa kumwona simba mbele ya mke wake. "Twende," alisema. "Mimi niogope nini?"

Kwaya ya kigango ilikuwa na safari ya siku moja Tabora mjini, siku chache tu kabla ya harusi. Ratiba aliipanga Mwalimu Kornel, kiongozi wa kwaya, mtu wa saa na filimbi: asubuhi tembe la makumbusho Kwihara, halafu bustani ya wanyama, halafu sokoni, halafu nyumbani. Josepha alikuwa mwimbaji wa sauti ya kwanza, hivyo nafasi yake ilikuwepo na mumewe angeweza kubanwa pembeni yake. Lakini Ng'washi hakuwa mwanakwaya. Sauti yake, Mungu amsamehe, ni kama mlango uliokosa mafuta.

"Gari limejaa, mama," Mwalimu Kornel alimwambia.

"Sawa, mwanangu," alisema Ng'washi. Akaenda nyumbani, akarudi na kigoda chake, akakiweka mlangoni kwa mwalimu, akaketi. Mwalimu alikwenda kazini akamwacha, akarudi akamkuta. Mkewe alimpa uji, akanywa, akashukuru, akaendelea kuketi. Wapita njia walianza kuuliza kuna msiba gani. Jioni Mwalimu Kornel alisalimu amri. "Mama, utakaa kwenye kile kiti cha katikati cha kukunja."

"Ningekaa hata juu ya paa," alisema Ng'washi, akabeba kigoda chake.

Kwa maana, ukiacha yule wa siku ile, yeye hakuwa amewahi kumwona simba wa kweli. Simba aliyemjua ni yule wa noti ya elfu mbili, na wa kwenye kanga. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Angemsimamisha Ngollo mbele ya simba, kwaya nzima ikiwa shahidi, anyooshe kidole kwenye zile nywele na kusema: hizi ndizo nilizoziona. Yule mtu angenyamaza hadi kaburini.

Siku ilifika. Kwihara walionyeshwa vyumba vyenye kuta nene na mlango wa kale uliochongwa, wakaambiwa habari za misafara iliyokuwa ikipumzika hapo ikielekea ziwani au pwani. Ngollo alikuwa na furaha ya kuzidi. Alimweleza kila mtu kwamba pengine babu yake babu aliutua mzigo wake pale pale alipokuwa amesimama yeye, karibu na ndoo ya kudekia. Ng'washi hakusikiliza. Alikuwa anahesabu moyoni muda unaoliwa.

Zamu ya bustani ya wanyama ilifika mchana, jua likiwa utosini. Walipokelewa na msichana wa mjini aliyeitwa Zuena, amevaa sare ya kijani na mtandio mweusi, mfupi wa kimo lakini mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde.

"Shikamooni wazee wangu! Mimi ndiye nitakayewatembeza. Tutakwenda pamoja, hakuna kurusha kitu, hakuna kuegemea uzio. Mnyama ni mnyama, hata akiwa na jina."

Walianza kwa mbuni, wakaenda kwa pundamilia, wakafika kwa nyani, ambako mmoja wa waimbaji wa besi alionyeshwa meno akachukia kabisa. Kila walipokwenda Zuena alieleza, na kila alipoeleza Ngollo aliongeza chumvi yake. Kisha wakapita kwenye banda la fisi. Lilikuwa na ukuta mfupi wa matofali kwa mbele, juu yake wavu mrefu, na fisi mwenyewe alikuwa amejilaza kwenye shimo lake, unaona mgongo tu na madoa.

"Ng'washi!" Ngollo alipaza sauti. "Mbona unapita kimya? Msalimie rafiki yako! Mwambie asamehe, siku ile hukumuaga!"

Kwaya ililipuka kwa kicheko. Hata Mwalimu Kornel aligeuka pembeni akijifuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. Ng'washi alipita bila kugeuza shingo. Cheka, alisema moyoni. Cheka vizuri, kaka, kicheko chako kimebakiza hatua chache.

Wakafika kwa simba, na simba hakuwepo. Palikuwa na uwanja mpana wenye nyasi, uzio mrefu wa chuma, kijumba nyuma, na kutoka ubavuni mwa kijumba ulitokeza mkia. Mkia wenyewe uliinuka kidogo, ukafukuza nzi, ukalala.

"Simba hulala sehemu kubwa ya siku," alisema Zuena. "Ni desturi yake. Leo bahati yetu ni mkia."

"Mkia unatosha," alisema Ngollo haraka. Akakaribia uzio, mikono nyuma, kofia yake ya pama imeinamishwa kichwani kimaringo. "Paka tu huyu. Amenenepa kwa vya bure. Simba wa zamani angelala mchana watu wamejaa hivi?"

Mwalimu Kornel alipuliza filimbi. "Wanakwaya! Muda umekwisha, sokoni tunachelewa. Kwenye gari!"

Watu wakageuka. Ng'washi alikunjua kitenge chake cha juu, akakitandika chini mbele ya uzio, akaketi, akanyoosha miguu.

"Mama," alisema Mwalimu Kornel. Aliutambua ule mkao, na sauti ilimpungua.

"Nendeni tu, wanangu. Mimi nimekuja kumwona simba. Mkia hata ng'ombe wangu anao."

"Gari litakuacha."

"Liniache. Nitarudi kwa miguu. Babu yake babu alikwenda Bagamoyo, mimi Isikizya itanishinda?"

"Wifi, inuka," Josepha alimbembeleza. "Watu wanatutazama."

"Wamenitazama maisha yangu yote, wifi. Leo wanitazame nikiwa nimekaa."

Zuena alichuchumaa mbele yake. Alikuwa amezoea watoto wakorofi na walevi wachache, lakini si bibi aliyetulia namna hii. "Bibi, kuna nini na huyu simba?"

Ng'washi akamweleza, kwa maneno machache, mbele ya wote. Ndama, magharibi, majani marefu, kile kichwa na zile nywele. Jina la Bibi Fisi. Harusi. Hakulia, na hakumtazama Ngollo. "Nataka nimwone shingo," alisema. "Nikimwona shingo nitainuka, hamtanibembeleza."

Zuena alitazama saa yake, akatazama njia. "Toroli la nyama haliko mbali. Akilisikia, ataamka mwenyewe. Mwalimu, mpe muda kidogo. Mimi sijawahi kuona mgeni anayempenda simba wetu hivi."

Mwalimu Kornel aliirudisha filimbi mfukoni. Watu wakasogea, wakakaa penye kivuli, wengine wakatoa karanga. Ngollo peke yake alibaki amesimama karibu na uzio, kwa kuwa kusogea kungeonekana. Aliendelea kusema. Alieleza jinsi simba anavyotazamwa machoni mpaka aone haya. Alieleza mahali pa kumpiga kwa fimbo, akainua fimbo yake kuonyesha, akageuka kuwatazama wanakwaya ili ajue kama wanafuata somo.

Simba mwenda kimya ndiye mla nyama, wahenga walisema, na walisema kweli. Aliyewatazama wanakwaya hakuona mkia ukipotea. Hakuona kile kichwa kikizunguka kijumba, wala yale mabega yakija taratibu kwenye nyasi. Aliona tu kwamba watu wameacha kutafuna. Kisha nyuma ya kisogo chake simba akanguruma.

Jamani, si sauti ile ya redioni. Ilianzia ardhini, ikapita kwenye miguu, ikafika kifuani ndipo masikio yakapata habari. Ngollo alitoka mguu niponye. Fimbo huku, kofia kule, katambuga moja ya tairi ikabaki pale pale aliposimama, imetazama uzio kana kwamba yenyewe ina ujasiri. Aliruka benchi, akampita Mwalimu Kornel, akawapita waimbaji wa sauti ya kwanza, mke wake akiwemo, akaenda kutokea kwenye kibanda cha tiketi. Na alikuwa anasema kitu njiani. Wote walikisikia.

"Simba! Simba! Mama yangu, simba!"

Kwaya haikucheka. Ilianguka. Walishikana mabega, waliketi chini, mwimbaji wa besi alilia machozi. Josepha alijifunika kanga usoni na mabega yakawa yanaruka. "Bagamoyo!" alisema kila alipopata pumzi. "Bagamoyo!"

Ng'washi alikuwa amesimama. Si kwa ushujaa, ila alikuwa amekuja kutazama shingo, na shingo ilikuwa mbele yake. Akatazama.

Nywele zilikuwepo. Tena nyingi, ndefu, zinazomwagika hadi kifuani na kwenye mabega, rangi ya majani ya kiangazi. Moyo wake uliruka kwa furaha. Kisha ukasita.

Zile za siku ile hazikumwagika. Zilisimama. Zilikuwa fupi, zimesimama wima kuanzia kisogoni, na kichwa chenyewe kilikuwa cha mviringo, na masikio yalionekana. Huyu masikio yake yalizama kwenye nywele. Ng'washi alifumba macho, akafumbua. Ilikuwa magharibi, alijiambia. Mwanga ulikuwa hafifu. Nilikuwa mtoto. Sema tu, mwanamke, watu wote wapo, kaka yako yuko nyuma ya kibanda cha tiketi, sema!

"Wifi," alisema Josepha, akipangusa macho. "Ndiye huyu? Ndizo nywele zenyewe?"

Watu wakamgeukia.

"Ngoja," alisema Ng'washi.

Toroli lilikuwa limefika. Mlishaji alimtupia simba wake fungu lake, akageuza, akaelekea kule walikotoka. Ng'washi aliokota kitenge chake akamfuata. Hakumwambia mtu. Zuena alimfuata kwa nyuma, na wengine wakamfuata Zuena bila kujua kwa nini.

Kwenye banda la fisi yule mwenye madoa alikuwa amenusa. Alitoka shimoni, akaja hadi kwenye ule ukuta mfupi, ukuta ukamficha miguu na tumbo. Kikabaki kichwa tu na mabega juu ya matofali, kama vile siku ile kilivyobaki kichwa na mabega juu ya majani. Alipoliona toroli, nywele za kisogo chake zikasimama zote. Akatoa sauti. Si kile kilio cha mbali ambacho kila mtoto wa Nzega anakijua akiwa kitandani, bali mkoromo wa chini, mzito, wa karibu, ambao Ng'washi aliusikia mara moja tu maishani.

Mkono wake wa kulia ulijifunga wenyewe.

Alikitazama kile kiganja. Kovu lilikuwepo, limekikatiza kuanzia kidole cha shahada hadi kwenye kifundo, na kwa miaka mingi watu walioliona walidhani limetokana na kamba ya kisima. Hakuwa amelifikiria siku nyingi. Sasa aliiona kamba ya katani, na aliyefungwa kwenye ile kamba, na baba yake akiwa amechuchumaa uani, anavifungua vidole vyake kimoja kimoja kwa maji ya vuguvugu, akisema, basi, mwanangu, achia, umefika, achia.

Ngollo alikuja polepole, mguu mmoja una katambuga, mwingine umejaa vumbi, kofia mkononi. "Upepo," alisema. "Upepo ulinichukulia kofia."

Watu hawakumgeukia. Walikuwa wanamtazama Ng'washi. Mtu mwingine angenyamaza pale. Ushindi alikuwa nao mkononi, mashahidi walikuwa kwaya nzima, tena wenye sauti nzuri za kuutangaza. Angesema neno moja tu, "simba", na Isikizya yote ingemwamini mpaka kiyama.

"Kaka," alisema. "Alikuwa huyu."

"Nani?"

"Aliyemla ndama. Alikuwa fisi. Ana nywele shingoni, akichukia zinasimama. Sikujua."

Ngollo alimtazama fisi, akamtazama mdogo wake. Aliinama akaivaa katambuga yake, ambayo Zuena alikuwa amemletea, akachukua muda mrefu kuivaa.

Njiani kurudi hakusema kitu, na watu walimtazama mara kwa mara kuhakikisha hajaugua. Ng'washi, kwenye kiti chake cha kukunja, alikuwa ameuweka mkono mapajani, kiganja juu, anakitazama. Hakuwa na huzuni. Alikuwa anapanga maneno.

Harusi ilifana. Turubai lilijaa, wakwe wa Urambo walipewa mstari wa mbele, na yule ajuza mwenye macho makali aliketi katikati yao, fimbo katikati ya magoti. Fikiri alipendeza mpaka Ng'washi akaogopa kumtazama asije akalia. Pilau ikaliwa, keki ikakatwa, kisha mshereheshaji akapiga kelele, "Sasa mnajua tunamwita nani! Mzee wetu wa fiiisi!"

Turubai zima lilipiga makofi. Ajuza wa Urambo aliinama mbele asipitwe na neno. Ng'washi aliketi wima kwenye kiti cha mama, mkono wa kulia umefunga ngumi.

Ngollo alikohoa. Akavuta suruali juu. Watu wakaanza kucheka hata kabla.

"Ile hadithi," alisema, "nimekuwa nikiisimulia vibaya. Alikuwa simba."

Kicheko kikasita.

"Simba, nawaambia. Nimemwona Tabora. Mimi, mzee mzima, na fimbo yangu mkononi, na chuma katikati yetu, nilikimbia nikaacha kiatu. Kwaya hawa hapa, waulizeni. Nilimwita mama yangu, na mama yangu ni marehemu. Sasa mtoto wa miaka tisa, peke yake, porini, mlitaka afanyeje? Alikuwa simba, na asiitwe tena Bibi Fisi na mtu yeyote. Nimemaliza."

Vigelegele vilipasuka kutoka upande wa kwaya. Watu walimcheka Ngollo, wakampigia makofi Ng'washi, na ajuza wa Urambo akatikisa kichwa kwa heshima. Ng'washi alihisi machozi yakimjia. Yule mtu alijivua nguo mbele ya wakwe ili amfunike yeye. Alimpenda kaka yake wakati ule kuliko alivyowahi kumpenda. Lakini nguo yenyewe haikuwa yake, na yeye hakuwa na haja ya kuazima tena. Akainuka.

"Nipe hicho," alimwambia mshereheshaji, akashika kipaza sauti kwa mkono wa kushoto. "Asante, kaka. Sasa kaa. Alikuwa fisi."

"Ng'washi!" Ngollo alinong'ona. "Nimeshawaambia simba!"

"Kaa, kaka. Alikuwa fisi, naye alimla ndama wa baba, na mimi nilikimbia. Hayo mmeyasikia miaka yote. Msilolisikia ni hili. Ndama walikuwa wawili. Mmoja alikuwa mkorofi, mtoro, baba alinipa kamba yake niishike mkononi ili asipotee. Fisi alipomshika mwenzake, yule mwekundu, huyu wa kamba alilala chini kwa woga, akakataa kwenda. Ningeiachia ile kamba ningekimbia mwepesi. Sikuachia. Nilimburuta mpaka nyumbani, napiga mayowe, ndiyo, tena kwa nguvu, mayowe ndiyo niliyobaki nayo." Akaufungua mkono wa kulia, akauinua juu, kiganja kikiwaelekea wakwe. "Baba ndiye aliyenifungua vidole. Ndama yule alikua. Alizaa, na watoto wake wakazaa. Kaka Ngollo alipotaka kuoa, mahari ilitoka kwenye uzao ule. Hakukuwa na ng'ombe wengine pale kwetu."

Josepha alikuwa ameinuka kwenye safu ya kwaya, mikono kiunoni, anamtazama mumewe.

"Ala!" alisema. "Yaani mimi nimeolewa kwa ndama wa Ng'washi? Na miaka yote hii mnanifanya nimcheke?"

Ajuza wa Urambo ndiye aliyeanza kigelegele, chembamba, kirefu, cha mtu aliyewahi kuburuta ndama wake mwenyewe. Wengine wakakidaka. Ngollo alisubiri mpaka kimepungua. Kisha akavua kofia yake, akavuka uwanja hadi kwenye kiti cha mama, na mbele ya wakwe, mbele ya wajukuu, kaka mtu aliyemzidi umri akamwinamia mdogo wake.

"Shikamoo," alisema.

Ng'washi alimtazama. Alimtazama vizuri, kuanzia kipara hadi kwenye zile katambuga. Tabasamu lililomjia safari hii lilikuwa lake.

"Marahaba," alisema, "mkimbia simba."